Je, uvimbe wa ubongo wa mtoto hurithiwa?

Shangazi wa Mbale: Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Mtoto wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka saba, alifanyiwa upasuaji mwezi uliopita baada ya kuumwa kichwa na kutapika kila asubuhi kwa majuma kadhaa, na majibu ya maabara yanasema ni meduloblastoma, yaani saratani ya ubongo wa nyuma. Sasa daktari anaomba idhini ya kupima jeni za uvimbe na za damu ya mtoto, kisha sehemu ya sampuli ipelekwe nje ya nchi kwa utafiti. Wazee wa upande wetu wameshasema kwamba ugonjwa umetoka katika ukoo wa mama, na wifi yangu halali usingizi. Je, ni kweli? Na tukikubali, mtoto atanufaika?

Mwanabiolojia, Kampala: Pole sana, Dada. Mwondoleeni wifi yako lawama hiyo leo hii. Mabadiliko ya jeni yanayokuza uvimbe huu kwa kawaida huzuka ndani ya seli chache za ubongo wa nyuma wakati ubongo ungali unajengeka; hayamo katika mwili mzima wa mtoto, kwa hiyo hayakutoka kwa mzazi yeyote. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta jeni zenye hitilafu ya kuzaliwa nayo, kama vile TP53, PTCH1 na SUFU, kwa takriban mtoto mmoja tu kati ya kila ishirini wenye meduloblastoma, na hata hao huenda wakawa wameipata kwa baba sawasawa na kwa mama, au ikawa imeanzia kwao wenyewe. (Ajabu ni kwamba wazee hawautaji kamwe ukoo wa baba.)

Damu hupimwa ili kuwatambua hao wachache, kwa sababu mtoto mwenye hitilafu ya TP53 au PTCH1 akipigwa mionzi anaweza kuota saratani nyingine baadaye, na madaktari hulazimika kuupanga upya mpango wa tiba. Kipimo cha uvimbe wenyewe kina kazi tofauti. Meduloblastoma si ugonjwa mmoja: tangu mwaka 2012 wataalamu wamekubaliana juu ya makundi makuu manne, ambayo chini ya hadubini yanaweza kufanana kabisa. Katika kundi liitwalo WNT, watoto zaidi ya 90 katika kila 100 wanaotibiwa ipasavyo huwa hai baada ya miaka mitano, ilhali lile la tatu, hasa nakala za MYC, jeni inayochochea seli kugawanyika, zikiwa zimezidi, ni kali mno.

Muuguzi mstaafu, Jinja: Jeni hiyo ya MYC si mgeni kwetu. Ndiyo inayovurugika katika uvimbe wa taya alioueleza daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1958, na sampuli za uvimbe huo kutoka kwa watoto wa Uganda zilizosafirishwa hadi London ndizo zilizowawezesha watafiti kugundua kirusi cha Epstein-Barr mwaka 1964. Kwa hiyo sampuli kusafiri si jambo baya lenyewe, bali masharti yake ndiyo ya kuangaliwa. Mwambie kaka yako aombe idhini ya vipimo vya tiba itenganishwe na idhini ya utafiti, kwani kuikataa ya pili hakupaswi kumnyima mtoto matibabu. Aulize kama utafiti umepitishwa na kamati ya maadili na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, kama majibu yatarudi kwa daktari wa mtoto na lini, na kama kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa katika nta kitabaki hapa nchini.

Shangazi wa Mbale: Nimemsomea wifi yangu maneno haya kwa simu. Je, tusubiri majibu ya jeni kabla ya mionzi?

Mwanabiolojia, Kampala: Hapana, msiahirishe tiba kwa uamuzi wenu wenyewe, maana mionzi ikichelewa baada ya upasuaji uvimbe hupata nafasi ya kurudi. Mwulizeni daktari kesho kama majibu ya damu yanaweza kuwahi, naye ndiye apange tarehe.