Garrett ACE 400 au Nokta Simplex? Nasaka vitu vya kale uwanja wa gofu, Dar

Mtoto_wa_Upanga
Habari za mchana wakuu. Nimepata nafasi ya kusaka vitu vya kale kwenye uwanja mmoja wa gofu hapa mjini. Natafuta detekta, mashine ya kunusa chuma ardhini. Jamaa mmoja anauza Garrett ACE 400 iliyotumika, mwingine ana Nokta Simplex. Bei hazipishani sana. Jumamosi natakiwa kulipa. Nichukue ipi?

Mzee_wa_Koili
Mkuu, mbona umeruka ya muhimu? Uwanja upi? Ruhusa ni ya maandishi au ya mlinzi wa getini? Unasaka sarafu au pete za vigogo? Bajeti je?

Tegeta_Kwetu
Simplex, funga mjadala. Unaizamisha mpaka mita 3. Viwanja vya gofu vinamwagiliwa, asubuhi nyasi ziko chapachapa. ACE koili yake, ile sahani ya chini inayonusa ardhi, haina shida na maji, ila kile kiboksi cha juu kikinyeshewa imekula kwako. Simplex unachaji kama simu.

Mzee_wa_Koili
Na ikiisha chaji katikati ya pori? ACE inakula betri nne ndogo, unazipata duka lolote la Mangi. Masafa ya mawimbi yake, moja 10 kHz, nyingine 12 kHz, hapo mnagombania nini? Ushauri wangu: atafute koili ndogo. Chini ya uwanja kuna mabomba, nyaya za vinyunyizio, vizibo. Koili kubwa inavisoma vyote kwa mpigo.

Mama_Kigamboni
Mwanangu, ijaribu udongoni kabla ya kutoa hela. Sisi tulinunua duka moja Kariakoo, silitaji. Muuzaji akaweka shilingi 200 juu ya kaunta, mashine ikalia, namba zikatokea kwenye skrini, baba watoto akachekelea kwelikweli. Tukaenda nayo ufukweni maji yamekupwa. Mchanga mkavu ilitulia. Kushuka kwenye mchanga mbichi tu, ikaanza kulia mfululizo kama mtoto aliyenyimwa titi. Tunachimba, hamna kitu. Tunasogea, inalia. Wavuvi wakajaa, mmoja akasema hawa wanatafuta maiti, mara mjumbe huyo kafika, tukaanza kujieleza. Tumerudi dukani, muuzaji anatuambia mchanga wa Kigamboni una majini! Hela hakurudisha. Baadaye fundi ndiye aliyetueleza kwamba mchanga wenye maji ya chumvi unapitisha umeme, na mashine ya masafa mamoja inadhani ni chuma. Hizo zako zote mbili ni za masafa mamoja.

Tegeta_Kwetu
Shikamoo mama. Pole, ila gofu na ufukwe wapi na wapi?

Mama_Kigamboni
Marahaba. Uwanja amekataa kuutaja. Kama ni Gymkhana, bahari si iko pale pale Ocean Road? Akishajua mashine atabaki kwenye nyasi? Akitaka vyote viwili ajikusanye, anunue ya masafa mengi kama Equinox.

Mtoto_wa_Upanga
Asanteni wakuu. Bajeti milioni moja na nusu. Mjomba ndiye anayetunza nyasi pale. Nataka heller, zile sarafu za enzi za Mjerumani.

Mzee_wa_Koili
Ruhusa hujajibu.

Dili_Safi
Ukipata rupia ya zamani yenye zebaki, inayovuta mchele, njoo inbox haraka. Mnunuzi yuko hotelini.

Mwalimu_Ilala
Mod, huyu tapeli aondoke. Rupia ni ya madini ya fedha, haivuti mchele wala haivutwi na sumaku. Watu wameuza viwanja kwa ajili ya hadithi hizo. Kijana, rupia ya Mjerumani iligawanywa kwa sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa, kisha kuanzia 1904 kwa heller 100. Ya heller 10 ina tundu katikati, usiichanganye na senti 10 ya Mwingereza, nayo ina tundu. Ile ya dhahabu yenye tembo, rupia 15, isahau: iligongwa Tabora 1916, si huku Dar.

Dili_Safi
Mwalimu hujui biashara.

Tegeta_Kwetu
Kisheria imekaaje? Akikamatwa?

Mwalimu_Ilala
Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Heller haimo.

Mzee_wa_Koili
Mwalimu usimpoteze mtoto. Detekta inajuaje mwaka kabla hujachimba? Kuchimba kusaka vya kale kunahitaji leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, na mwenye uwanja ana neno lake. Mjomba wa nyasi si mwenye uwanja. Ukiruhusiwa, kwenye bendera, penye shimo la mpira, usiguse kabisa. Kwingine kata nyasi pande tatu, upande wa nne ubaki na mizizi, udongo weka kwenye turubai, rudishia, shindilia. Na ukiizuia mashine isilie kwa namba za skrini za vile vipete vya makopo ya soda, ujue na pete za dhahabu umezikosa, namba zao zinakaribiana.

Kedi_Mstaafu
Mnahangaika bure. Pesa ya uwanja wa gofu ni mipira iliyopotelea vichakani. Mvua ikikatika tunaingia na viroba.

Tegeta_Kwetu
Detekta inaisoma?

Kedi_Mstaafu
Mpira una chuma? Macho na buti tu. Na fimbo ya nyoka.

Dili_Safi
Mpira mmoja unauzaje?

Kedi_Mstaafu
Inategemea jina na makovu. Una mingapi?

Mtoto_wa_Upanga
Wakuu, mwenye Simplex ameshusha bei. Nilipie?