Mrejesho: zabuni ya taa za barabarani za manispaa

Habari wakuu. Niliuliza jinsi manispaa ndogo inavyoweza kununua taa zisizokula umeme mwingi, ilhali zabuni huenda kwa mwenye bei ya chini baada ya tathmini. Asanteni sana, ushauri umefanya kazi, ingawa si wote.

Uliosaidia zaidi ni wa kuweka gharama ya matumizi ndani ya hati ya zabuni. Kifungu cha 80 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Kenya ya 2015 kinataka tathmini ifuate vigezo vya hati, kwa hivyo fomula isipokuwemo tangu mwanzo, haiingii tena. Tuliandika: bei ya taa, jumlisha wati ÷ 1,000 × saa 4,380 kwa mwaka (huku Nairobi usiku haupungui wala kurefuka sana) × bei ya yuniti × miaka 10. Taa ya wati 90 hula yuniti 131 zaidi ya ile ya wati 60 kila mwaka, na unafuu wa bei yake ukamezwa hapo. Wekeni pia kiwango cha chini cha lumeni (kipimo cha mwanga unaotolewa na taa), la sivyo taa hafifu itashinda.

Kilichokwama ni kumtaka mzabuni azichukue taa kuukuu za sodiamu, ambazo zina zebaki. Sharti lilikuwemo, lakini bila mstari wake kwenye jedwali la bei, basi mzabuni akatia saini bila kulitengea pesa. Taa ziko stoo hadi leo. Zabuni ijayo itadai bei hiyo kando, pamoja na leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira) ya msafirishaji wa taka hizo.