Mama anameza simvastatini na kila siku anakula balungi

Binti_wa_Muheza:
Wakuu, habari zenu. Mama yangu yuko Muheza, ana presha ya miaka mingi, na sasa kaandikiwa simvastatini ya kushusha kolesteroli, kidonge kimoja usiku. Nyuma ya nyumba kuna mbalungi. Kila asubuhi anachuma moja, analimenya, anapaka chumvi na pilipili ya unga, analimaliza lote. Jirani kamwambia ule uchungu unayeyusha mafuta mwilini. Juzi kaanza kulalamika mapaja yanamuuma kama mtu aliyetoka kulima. Kuna uhusiano?

Mfamasia_Zamu:
Pole dada, na mama mpe shikamoo yangu. Uhusiano unaweza kuwepo. Kwenye utumbo kuna kimeng'enya kinachovunja sehemu kubwa ya simvastatini kabla haijaingia kwenye damu. Balungi linakiharibu, hivyo dawa inayofika kwenye damu inakuwa nyingi kuliko daktari alivyokusudia, na misuli ndiyo inayoumia. Kula asubuhi na kumeza usiku hakusaidii, maana mwili huchukua siku mbili tatu kutengeneza kimeng'enya kingine. Balungi aliache kabisa.

Hayo maumivu yasingoje kliniki ya mwezi ujao. Aongee na daktari leo, achukuliwe kipimo cha damu cha misuli. Mkojo ukiwa na rangi ya kola, mpelekeni saa hiyo hiyo. Na ya presha anameza ipi? Kama ni amlodipini, simvastatini haitakiwi kuzidi miligramu 20 kwa siku.

Mzee_Tongoni:
Na sisi tunaomeza atorvastatini, nayo ya kushusha kolesteroli, je? Machungwa nayo tuache?

Mfamasia_Zamu:
Shikamoo mzee. Machungwa matamu kula bila wasiwasi. Danzi ndilo la kukwepa, lina kemikali zilezile za balungi. Atorvastatini huguswa na balungi kwa kiasi kidogo kuliko simvastatini, ila juisi yake kila siku sikushauri. Wa rosuvastatini na pravastatini hawana shida nalo. Tui la nazi haligombani na kidonge, lakini likiwa zito kila siku linapandisha kolesteroli ileile unayoishusha.

Binti_wa_Muheza:
Ahsante sana. Nimempigia. Mkojo ni wa kawaida, lakini ya presha ni amlodipini, na pakiti ya simvastatini imeandikwa 40. Kaka anampeleka hospitali sasa hivi, na pakiti zote mbili wanazo.