Msaada wakuu: vitufe vinajibonyeza vyenyewe

Mchezaji_Mpole: Wakuu, natengeneza mchezo wa kushika mkononi. Bodi ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja), skrini ndogo ya OLED SSD1306 pikseli 128 kwa 64 kwa I2C (mawasiliano ya waya mbili), vitufe vinne. Picha iko safi, fremu 60 kwa sekunde. Ila mhusika anakwenda kushoto na kurukaruka bila kuguswa. Nimeunguza chipu?

Lehemu: Vitufe vinadunda: mbonyezo mmoja unasomeka kama mingi. Soma, subiri milisekunde 20, soma tena. Vikilingana ndiyo uamini.

Mchezaji_Mpole: Nimeshaweka. Wapi!

Mama_Saketi: Kudunda huja na kidole, na hapa hakuna kidole. Taja namba za pini.

Mchezaji_Mpole: Pini zimeingiaje hapa? Zote INPUT_PULLUP (rezista ya ndani ya chipu inavuta pini juu), kitufe kinaenda GND (volti 0).

Delay_Haramu: Shida ya vijana ni kujaza delay(), amri ya kusimamisha programu, kila kona. Tumieni millis(), saa ya bodi, tumeshasema mpaka basi.

Mama_Saketi: Namba, mkuu.

Mchezaji_Mpole: 32, 33, 34, 35. Kushoto ni 34, kuruka 35. Zimefuatana, waya zinapendeza.

Mama_Saketi: Umepatikana. Kwenye ESP32, pini 34 hadi 39 ni za kuingiza tu na hazina rezista ya ndani ya kuvuta juu. INPUT_PULLUP haifanyi kitu pale. Pini inaelea, haijashikwa juu wala chini, na kuokota kelele za umeme. Hamia 25 na 26.

Mchezaji_Mpole: Nimeshachomelea na kumwaga gundi juu ya bodi. Nikisoma mara kumi nikachukua wastani?

Lehemu: Wastani wa uongo kumi utakupa uongo wa kumi na moja 😂

Nukta64: Mnahangaika na hadithi ya kutunga. Skrini nzima ni baiti 1024, kila baiti inakula biti 9 (8 za data na moja ya kuthibitisha kupokea): jumla 9216. Kwa kasi ya I2C ya 400 kHz (biti 400,000 kwa sekunde) ni milisekunde 23, yaani fremu 43 ukibahatika. Hiyo 60 kaitoa wapi? Bodi hana huyu.

Mchezaji_Mpole: 60 ni mizunguko ya loop(), sehemu ya programu inayojirudia, nilipima kabla ya kufunga vitufe. display(), ya kutuma picha kwenye skrini, naiita mhusika akisogea tu.

Nukta64: Basi usiite fremu.

Mama_Saketi: Tuendelee. Rezista mbili za kilo-ohm 10: moja toka 34 kwenda 3V3 (pini ya umeme wa volti 3.3), nyingine toka 35 kwenda 3V3. Zichomelee upande wa vitufe. Usitumie 5V, utaua pini. Kitufe kikibonyezwa bado utasoma LOW (chini).

Mchezaji_Mpole: 3V3 imezama kwenye gundi.

Lehemu: Iibe kwenye VCC ya skrini, pini yake ya kuingiza umeme. Pima kwa mita kwanza. Ikisoma 5, tafuta kisu cha kukwangua gundi.