Roboti ya kufagia inarudi nyuma na kuzunguka, fundi anasema bodi imekufa. Naombeni msaada

MamaPendo_Uyole
Habari za jioni wakuu, naomba msaada kwa mwenye uzoefu na hizi roboti za kufagia nyumba. Niko Uyole hapa Mbeya, mdogo wangu aliileta toka Dubai kwa ajili ya mama, mgongo unamsumbua hawezi tena kuinama na fagio na kiangazi hiki vumbi la huku mnalijua wenyewe, asubuhi unafuta saa sita limeshajaa tena. Ilikuwa inafanya kazi vizuri mno. Sasa hivi ukiiwasha inatoka kwenye chaja inaenda kidogo, inarudi nyuma, inakatia kulia, inarudi tena nyuma, inazunguka weee mwisho inalia na kusimama. Chaji inajaa, kufyonza inafyonza. Nimepeleka kwa fundi mjini, hajafungua hata skrubu moja akasema bodi, ile saketi kuu ya ndani, imekufa, na hela ya bodi aliyonitajia inakaribia kununua roboti nyingine. Kuna kitu naweza kuangalia mwenyewe kabla sijatoa hiyo hela? Nina bisibisi na uvumilivu.

Kihesa_Juu
Kamwene dada. Kabla watu hawajaanza kubuni, tuambie: inazunguka upande mmoja tu au zote mbili? Na inafanya hivyo kwenye kapeti au hata kwenye sakafu tupu? Kapeti ni la rangi gani?

MamaPendo_Uyole
Kamwene kaka. Karibu mara zote ni kulia. Kapeti la sebuleni ni kahawia imekolea sana karibu na nyeusi, ila hata jikoni kwenye vigae vyeupe inafanya hivyohivyo.

fundi_wa_Kabwe
Dada usinunue bodi. Bodi ikifa mara nyingi kitu hakiwaki kabisa au hakichaji, hiyo yako inawaka, inachaji, inafyonza, inatembea, maana yake bodi inapokea taarifa mbaya toka kwenye sensa, yaani vihisio vyake, na inatii ilichoambiwa. Inaniuma kuona mtu anatozwa bodi na kifaa hakijafunguliwa.

Nadhani una matatizo mawili kwa pamoja, la kurudi nyuma na la kukatia kulia, na kila moja lina sababu yake.

Kurudi nyuma kuna vitu viwili vinavyosababisha. Cha kwanza bampa, ile ngao ya mbele inayobonyea ikigonga ukuta. Nyuma yake kuna swichi au sensa kulia na kushoto, kikiingia kijiwe au mchele bampa inabaki imebonyea kidogo, roboti inaamini imegonga kitu muda wote. Ibonyeze pande zote mbili kwa kidole, lazima irudi yenyewe kwa haraka na isikwame, ikiwa nzito upande mmoja pitisha brashi ya rangi iliyo kavu kwenye mwanya wake au puliza na bloa. Cha pili ni sensa za ngazi. Igeuze chini juu, pembezoni utaona vidirisha vidogo vyeusi, vinne au zaidi kutegemea modeli. Vinatoa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kwenda sakafuni na kusubiri urudi, mwanga usiporudi roboti inajua mbele kuna shimo inakimbia nyuma. Vumbi letu la kiangazi ni laini kama unga, likitanda pale mwanga haupiti. Futa na kitambaa laini kikavu, kwenye kona tumia pamba za masikio. Halafu kupima: washa roboti, fungua kamera ya simu, tumia ile ya mbele ya selfi maana ya nyuma kwenye simu nyingi inauchuja huo mwanga, elekeza kwenye kila kidirisha, utaona kinang'aa zambarau au weupe. Kisichong'aa wakati wenzake wanang'aa ndicho kibovu, ingawa kuna modeli zinazowasha sensa pale tu zinapotembea, kwa hiyo vyote visipong'aa usiseme vimekufa.

Kukatia kulia: gurudumu la kulia linavuta kidogo kuliko la kushoto. Angalizo, ukiigeuza kulia kunakuwa kushoto, kwa hiyo bandika plasta kwenye gurudumu la kulia KABLA hujageuza. Lizungushe kwa kidole kisha la pili, ulinganishe uzito. Libonyeze ndani uachie, lazima litoke lenyewe na springi. Kama ni zito fungua skrubu zake uangalie ekseli, nyumba yenye watoto wa kike utakuta nywele za rasta na nyuzi za kitenge zimejisokota hadi ndani ya gia. Kata na wembe taratibu, vuta na kibano, usipake mafuta ya kupikia wala grisi nyingi, grisi inakamata vumbi na mwezi ujao unarudi palepale.

Wakati uko huko chini chomoa na lile gurudumu dogo la mbele, hua linatoka kwa kuvuta tu, usafishe tundu lake.

Makambako_Baridi
Fundi kamaliza, mimi niongeze la betri maana najua mtu wa pili atakwambia betri. Nyingi za hizi zina seli nne za lithiamu zimeungwa mfululizo, jumla volti 14.4 kwenye stika, ikijaa inafika karibu 16.8. Pima na mita ikiwa imejaa, halafu iache ifanye kazi dakika kadhaa upime tena, ikishuka ghafla ndiyo imechoka. Yako haina dalili hiyo, ikichoka inatoka kwenye chaja na kufia katikati ya sebule. Ila siku ikichoka tafadhali usikubali mtu achomelee solda moja kwa moja kwenye seli, joto lile linaziharibu na lithiamu ikiwaka ndani haizimiki kirahisi. Badilisha pakiti nzima. Na kwa wa Makete na Njombe, chumba kikiwa cha baridi sana Juni na Julai chaji itaisha upesi kuliko kawaida, hapo betri inaweza kuwa nzima kabisa.

MamaPendo_Uyole
Wakuu Mungu awabariki!! Sensa mbili za mbele zilikuwa zimefunikwa na vumbi hadi kidirisha hakionekani, nimefuta, kwenye kamera zote zinang'aa, kurudi nyuma kwenye vigae kumekoma. Gurudumu la kulia lilikuwa na rasta kweli, zimejiviringa hadi ndani, zimetoka kama kijiti. Sasa jikoni na korido inaenda imenyooka, mama anapiga vigelegele. Limebaki moja, ikifika kwenye lile kapeti la sebuleni bado inasita ukingoni na kurudi. Jirani ananiambia nizibe sensa za ngazi na karatasi nyeupe, ni sawa? Pia tairi la kulia limeisha meno, nalipata wapi?

Kihesa_Juu
Kapeti ndiyo maana nilikuuliza rangi. Rangi nyeusi inameza ule mwanga, roboti inaona shimo.

fundi_wa_Kabwe
Usizibe. Kweli ukiweka karatasi itapanda kapeti bila shida, lakini haitaona tena ngazi yoyote, na nyumba zetu nyingi zina vidato vya baraza, siku mlango uko wazi itashuka na kuvunjika au imwangukie mtoto. Bora kapeti hilo libadilishwe na la rangi isiyokolea au mama aendelee kulipiga brashi ya mkono. Kuhusu gurudumu, soma namba ya modeli kwenye stika iliyo tumboni, piga picha, tuma kwa mtu wa Kariakoo au agiza mtandaoni. Taja wazi kwamba unataka la kulia, kwenye modeli nyingi la kulia na la kushoto haviingiliani, na agiza lile linalokuja na mota na gia zake pamoja, usihangaike na mpira peke yake. Likifika likakushinda kufunga lete Kabwe.