Naomba ushauri: binti mdogo anayejifanya mama wa mdogo wake

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mama mlezi katika makao yanayolea watoto kwa mfumo wa familia: nyumba moja, mlezi mmoja, watoto wa rika mbalimbali. Nimepokea ndugu wawili, binti wa miaka 11 na mdogo wake wa miaka 4. Binti hali mpaka mdogo ashibe, na usiku huamka kumpapasa kifuani kuona kama anapumua. Nikimwogesha mtoto, anasimama mlangoni macho yamemtoka.

Nimempa muda wa kucheza na wenzake, nimemhakikishia kwamba nipo. Hasogei. Mwenzangu mmoja anashauri watenganishwe nyumba. Roho yangu inakataa kabisa, na hata Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2009 kuhusu malezi mbadala unasema ndugu wasitenganishwe, isipokuwa kuna hatari ya wazi au sababu nyingine inayomfaa mtoto.

Waliowahi kulea ndugu kama hawa, mlimpunguziaje mkubwa huo mzigo bila kumfanya ajione amenyang'anywa mdogo wake? Na je, kulala chumba kimoja kunamsaidia au kunamzidishia hofu?