Naomba ushauri: postikadi iende uga 650 au 655?

Habari zenu wakutubi. Naomba ushauri kuhusu kuorodhesha postikadi na picha za zamani za Unguja kwa MARC 21, yaani muundo wa kompyuta wa rekodi za maktaba, ambao kila aina ya taarifa ina uga wake wenye nambari.

Kanuni ya msingi iko wazi: uga 650 unasema picha inaonyesha nini, 655 unasema kitu chenyewe ni nini. Postikadi yenye jahazi: jahazi 650, postikadi 655, kiashiria cha pili (tarakimu ya pili baada ya nambari ya uga) 7, na $2 (sehemu ndogo ya uga) ikitaja msamiati ulikotoka neno hilo, mfano gmgpc, msimbo wa msamiati wa aina za picha wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Postikadi ikiingizwa 650, anayetafuta vitabu kuhusu historia ya postikadi anamwagiwa mamia ya picha za bandari na mikarafuu. Kosa hili ni baya kuliko kuacha uga wazi.

Ninapokwama ni hapa. Picha inaonyesha studio ya mpigapicha, na ukutani zimetundikwa picha za watu. Je, hizo ziende 650 kwa kuwa ndizo zinazoonekana, na 655 ibaki na chapa ya albumini (picha ya kale kwenye karatasi iliyopakwa ute wa yai) tu? Na mtu akipigwa studioni amevaa kanzu na kofia, vazi lipewe 650 hata kama mlengwa ni mtu? Naelekea kusema ndiyo, maana mtafiti wa mavazi hana mlango mwingine.

Albamu yenye picha 60 je, iwe na 655 moja ya albamu, au na nyingine ya aina ya chapa pia?